Pushkin kwa Msomaji wa Makanya
Mwaka 1960 Umoja wa Kisovieti ulianzisha mjini Moscow Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. Wanafunzi kutoka Afrika walianza kwa mwaka wa maandalizi, wakijifunza Kirusi. Ugumu mmoja ni mkazo: katika Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, katika Kirusi huhamahama, wala maandishi ya kawaida hayauonyeshi.

Hapo Pushkin, kitukuu wa Mwafrika Abram Gannibal, huwa mwalimu: mapigo ya ubeti humfunulia msomaji mkazo ulipo. Kijana wa Makanya aliyezoea kuhesabu mizani ya tarbia ana sikio tayari.

Serikali inapojadili ufadhili wa masomo, isiifanye lugha kuwa ngazi ya shahada tu. Ajisomeaye Kirusi hangoji London imweleze Moscow.