Mantiki ya Msituni

Katika makaburi ya kanisa la Kianglikana mjini Nyeri wamelala watu wawili ambao maishani mwao walisifika kwa kusoma nyayo. Mmoja ni Baden-Powell, mwasisi wa Skauti, aliyefariki mjini humo tarehe 8 Januari 1941, na juu ya kaburi lake pamechorwa duara lenye nukta katikati, alama ambayo maskauti huichora njiani kumwarifu afuataye nyuma kwamba mwenzake amekwisha rejea kwao. Wa pili ni Jim Corbett, mwindaji wa chui wala-watu wa Bara Hindi, ambaye mwaka 1947 alihamia Kenya pamoja na dada yake, wakaja kukaa katika nyumba ile ile ndogo ya Paxtu, uwanjani mwa hoteli ya Outspan, aliyokuwa akikaa Baden-Powell, na humo akaandika hata mauti yalipomfika mwezi wa Aprili 1955. Katika kitabu chake Jungle Lore, kilichotoka mwaka 1953, Corbett anasimulia jinsi alivyojifunza tangu utotoni sauti za ndege na wanyama, akaweza kuziiga, na kwa kilio cha mmoja wao akajua kwamba chui anapita mahali asipoweza kumwona.

Mwaka huo huo wa 1953, mwendo mfupi kutoka baraza ya Paxtu, ndani ya misitu ya Nyandarua na Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, vijana wengi wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru, wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya serikali ya kikoloni, walikuwa wakisoma somo lile lile, bila ya mpiga chapa wala msomaji, na aliyefeli mtihani hakurudia darasa.

Hoja iliyo nyuma ya somo hilo, ya kwamba mnyama ana akili au hana, anasema au anapiga kelele tu, ni ya kale mno, na lugha yetu yenyewe imebeba mabaki yake. Neno mantiki, ambalo leo twalitumia kwa elimu ya kupima hoja, katika Kiarabu lachipuka katika shina la kunena, na usemi wa ndege aliofundishwa Nabii Suleiman umeitwa katika Kurani kwa neno hilo hilo. Wanafalsafa wa Kiislamu walipotaka kumtambulisha mwanadamu walisema kuwa ni hayawani anenaye, yaani kiumbe hai mwenye usemi na akili kwa pamoja, pasina kutenga hiki na kile. Hayawani kwao lilikuwa neno lenye uhai ndani yake. Lilipovuka bahari na kushuka pwani yetu likageuka tusi la kumtupia mpumbavu. Na upande wa Kibantu hali si njema zaidi, kwani mnyama wetu ana nyama ndani ya jina lake, na nyamu wa Kikuyu kadhalika, kana kwamba mababu zetu walipomwona mara ya kwanza walimkadiria kwa ukubwa wa chungu.

Huko Basra, katika karne ya 10, wanazuoni waliojiita Ikhwan as-Safa walitunga kisa ambamo wanyama wanamshitaki binadamu mbele ya mfalme wa majini, na kila taifa la wanyama likamtuma wakili wake aliye fasihi, wakazipangua hoja za binadamu moja baada ya moja. Miaka 700 baadaye, mwaka 1637, Descartes wa Ufaransa aliifunga kesi hiyo kwa upande wake: mnyama ni mtambo, mfano wa saa ya ukutani, na ushahidi wake ni kwamba hasemi. Lakini pana kisa cha tatu, na hiki ni cha kwetu. Mwaka 1938 Jomo Kenyatta, akiwa London mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Malinowski, alitoa kitabu chake Facing Mount Kenya, na humo akaingiza hadithi ya mtu aliyemkaribisha tembo aingize mkonga kibandani wakati wa mvua. Tembo akaingia mwili mzima, mtu akasalia nje. Tume ikaundwa ya wakubwa wa msituni, wote wanyama, na kila mara yule mtu alipofumbua kinywa aliamriwa asitoke nje ya maswali. Vibanda vikafuatana, kila kimoja kikatwaliwa, mpaka yule mtu akajenga kikubwa zaidi ya vyote, wakubwa wakajazana humo wakigombea nafasi, naye akakitia moto. Ndani ya hadithi hiyo wanyama wana nutku yote, na mtu ndiye bubu. Wala si kwamba hana maneno, bali mahakama haiyasikii.

Sidhani kama aliyeitunga aliona mbele, walakini nashindwa kuisoma bila ya kukumbuka Treetops. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1932 juu ya mti mkubwa wa mugumo katika msitu wa Nyandarua, kwa amri ya Sherbrooke Walker, mwenye hoteli ya Outspan, na mugumo kwa Wakikuyu ni mti wa kuombea, ambao wazee walichinjia chini yake wakamwelekea Mungu, Mwenye Nyaga, mlimani. Wageni walipanda ngazi jioni, wakaagizwa kunong'ona, wakakesha wakiwatazama tembo na vifaru waliokuja kulamba chumvi. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alikesha humo Binti Mfalme Elizabeth, Corbett akiwa pamoja na ujumbe wake, na kabla jua la pili halijatua ilijulikana kwamba babaye amefariki naye ni malkia. Mwezi wa Mei 1954 wapiganaji wa msituni waliichoma nyumba pamoja na mti wake. Iliyojengwa tena mwaka 1957 ilisimama upande wa pili wa bwawa.

Mwaka huo wa 1954 serikali ya Kenya ilipiga chapa ripoti ya Daktari J. C. Carothers juu ya saikolojia ya Mau Mau. Huyu alikuwa amesimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, na mwaka uliotangulia Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo aliilinganisha akili hiyo na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Katika ripoti ile ya 1954 alidai kwamba Mkikuyu, kwa kuishi kandokando ya msitu, amepata tabia ya siri na shaka, na akausifu mpango wa kuwakusanya watu katika vijiji vyenye ulinzi. Basi Othaya, Tetu, Mathira na kwingineko watu wakahamishwa, na handaki refu lenye miba ya mianzi likachimbwa ukingoni mwa msitu. Nimeitaja kazi hii kwa kuwa ni sehemu halisi ya historia ya hoja yetu, ijapokuwa vitabu vya falsafa huipita kimya: Descartes alipiga mstari baina ya mtu na mnyama, na huku Nyeri, ulipofika wakati wa haja, mstari ule ulisogezwa kidogo ukapitishwa katikati ya watu.

Walioachwa upande wa pili wa mstari walikuwa na shughuli nyingine. Niliwahi kuketi na shaibu mmoja karibu na Mweiga, aliyekuwa kijana wa msituni, tukinywa chai kwa nduma, ghafula akazuia kikombe cha bati katikati ya safari yake kwenda kinywani. Kima alikuwa akilia katika miti ya mbali. Akasikiza, akanywa.

"Si mtu," akasema.

"Umejuaje, guka?"

"Mtu hupigiwa sauti ingine. Huyo ameona ndege mkubwa. Sisi hatukuwa na walinzi wa kulipwa, kijana wangu. Tulikuwa na hao."

Akanieleza kwamba miezi ya mwanzo wanyama waliwakimbia, ndege wakawachongea kila walipopita; walipokwisha acha sabuni, harufu yao ikawa ya moshi na majani, na mbega wakakaa kimya juu yao kama juu ya pongo. Askari aliyekuja kutoka kambini, mwenye sabuni mwilini na sigara mfukoni, alitangazwa na kila kiumbe. Jambo hilo hata maadui zao walilijua, maana vikosi vya siri vilivyotumwa kuwatafuta viliacha kuoga kwa sabuni. Kisha zikaja ndege za mabomu, na nyati na vifaru waliojeruhiwa wakawa hatari kwa kila mwenye miguu miwili. Nilimwuliza kama aliamini wanyama wale wanafikiri. Akanitazama kwa huruma. "Swali hilo ni la mtu aliyelala kitandani," akasema.

Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji hao wa msituni, alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, amevaa koti la ngozi ya chui, si katika kina cha msitu bali ukingoni, mahali unapokutana na mashamba. Mimi huona kwamba mahali penyewe pana maana: pale mpakani hapana kima wa kumwarifu mtu.

Wenye vipimo walifika baadaye. Mwaka 1967 mtafiti Struhsaker alieleza kwamba tumbili wa Amboseli wana vilio mbalimbali kwa adui mbalimbali, na mwaka 1980 Seyfarth, Cheney na Marler walizirekodi sauti hizo wakazirudisha kwa spika iliyofichwa: kwa kilio cha chui tumbili walipanda mitini, kwa cha tai walitazama juu, kwa cha nyoka walisimama kwa miguu ya nyuma wakikagua nyasi. Mwaka 1989 Hussein Isack, pamoja na Reyer, alionyesha kwamba ndege wa asali kaskazini mwa Kenya huwaongoza kweli Waborana mzingani, wakapata asali katika saa 3.2 badala ya 8.9 katika nchi wasiyoizoea, na kwamba Waborana wanaouelewa mwendo wake husoma humo upande na umbali. Mwaka 2014 ilibainika huko Amboseli kwamba tembo wanaosikia sauti ya mwanamume wa Kimaasai hujikusanya na kujitenga, ilhali maneno yale yale kwa sauti ya Mkamba, au ya mwanamke, au ya mtoto, hayawashitui kiasi hicho. Yaani tembo ametambua lugha mbili za Kenya, na ndani ya lugha ametambua nani wa kuogopwa. Wako maofisa waliotawala nchi hii miaka 30 bila ya kufika hapo.

Mwaka 2024 likatoka jambo kubwa kuliko yote. Ngurumo 469 za tembo wa Samburu na Amboseli, zilizopimwa kwa kompyuta, zilionyesha kwamba tembo huitana kwa sauti mahususi mithili ya majina, na tembo 17 waliochezewa ngurumo hizo waliitikia zaidi ile iliyoelekezwa kwao. Kasuku na pomboo nao huitana, ila aghalabu kwa kuiga sauti ya mwitwa mwenyewe; hapa haikuonekana hivyo.

Nanyuki, katika barabara iendayo Meru, pana njia iliyochimbwa chini ya lami mwishoni mwa mwaka 2010 ili tembo wa Mlima Kenya wapate kushuka Ngare Ndare hata Lewa, safari ambayo mashamba na nyaya zilikuwa zimewakatia. Ilitarajiwa kwamba wanyama watahitaji muda kuizoea. Siku ya Mwaka Mpya 2011 dume mmoja akapita, wa kwanza, magari yakinguruma juu ya kichwa chake. Watu walikuwa wamempa jina Tony.

Lile alilopewa na mamaye hakuna aliyeliandika.