Mbwa Hayumo Kwenye Hesabu

Muulize mtu wa Bariadi anayehama anaondoka na nini. Atakutajia ng'ombe kwa idadi na rangi zao, mbuzi, kondoo, plau, mkokoteni, magunia ya mtama, hata bati alizozing'oa juu ya nyumba. Mbwa hatamtaja. Si kwamba hampendi. Mbwa kwetu anakula ukoko na makombo ya ugali, analala mlangoni pa zizi, hatolewi mahari, hauzwi mnadani, hapigwi chapa. Kwa hiyo uamuzi wa kumchukua au kumwacha hufanywa dakika ya mwisho, vyombo vikiwa vimeshafungwa, na mara nyingi bila mtu kutamka neno. Nimefanya kazi ya mifugo katika vijiji vya Ntuzu, Kanadi na Itilima tangu nilipotoka chuoni mpaka nilipostaafu, na naamini kwamba habari za mbwa zinaeleza mambo ya kuhama kwetu ambayo habari za ng'ombe haziyagusi.

Wasukuma tumekuwa watu wa kuhama kwa muda mrefu. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma, na moja ya shabaha zake ilikuwa kupunguza watu na ng'ombe katikati ya nchi, ambako ardhi ilikuwa imechoka. Vichaka vyenye mbung'o vilifyekwa upande wa Geita na watu wakahimizwa wavuke kwenda huko. Hata huku mashariki, kuelekea Serengeti, msitu ulirudishwa nyuma na miji, yaani kaya za watu, ikasogea. Babu yangu mzaa baba alikuwa na ndugu waliokwenda Geita wakati huo. Ng'ombe walizungushwa kwa miguu kusini mwa ghuba ya Mwanza, na mbwa walikwenda nao. Hakuna aliyeketi kuamua. Ng'ombe akitembea, mchungaji anatembea, na mbwa yuko nyuma ya mchungaji. Usiku wanapolala porini, fisi akisogea, mbwa ndiye anayetangulia kujua. Katika safari ya namna hiyo, kumwacha mbwa nyumbani kungekuwa sawa na kuacha mkuki.

Lori ndilo lililobadilisha mambo.

Azimio la Arusha lilitangazwa 1967, na mwishoni mwa 1973 Mwalimu Nyerere alitoa agizo kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kuishi vijijini kuwe lazima kwa kila mtu. Mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa ndani yake mpaka Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012, uliingia kwenye operesheni hiyo ya kuhamia vijijini mwaka 1974. Nilikuwa mtoto, ila mtoto wa kuchunga ndama, mwenye kuelewa kinachoendelea. Mji wetu ulikuwa peke yake, umezungushiwa ua wa minyaa, jirani wa karibu ukimwita kwa sauti anakusikia kwa shida. Tuliambiwa siku, na siku hiyo lori likaja. Vikapakiwa vihenge vilivyoweza kunyanyuliwa, mitungi, vitanda vya kamba, kuku ndani ya matenga, bibi yangu akiwa juu kabisa ameshika jiwe lake la kusagia asikubali liwekwe chini na mizigo mingine.

Tulikuwa na mbwa jike, wa rangi ya kahawia na kifua cheupe, anaitwa Wasemavyo. Alikuwa amezaa siku chache nyuma chini ya kihenge, na kile kihenge kilipobomolewa alikimbilia kwenye minyaa na watoto wake, mmoja mmoja mdomoni. Mama alimwita kwa kugonga kibuyu, kama alivyozoea kumwita akimpa maziwa yaliyoharibika. Hakutoka. Dereva akapiga honi. Baba akasema, "Twende, atakuja mwenyewe, si mbali."

Kweli haikuwa mbali, na alikuja. Ila alikuja usiku, akala, akarudi kwenye mahame kabla hakujapambazuka, kwa sababu watoto walikuwa kule na mji alioujua ulikuwa kule. Nyumba haikuwa na paa tena. Aliilinda hivyo hivyo. Na hakuwa peke yake. Mahame yote ya upande ule yalikuwa na mbwa wao, wakilinda minyaa na majivu ya jikoni. Mvua zilipoisha, watoto wa mbwa hao walikuwa wamekua bila kuguswa na mkono wa mtu. Wakaanza kula mayai, wakaingia kwenye mbuzi. Kijiji kikaamua wauawe, na vijana wakapewa kazi hiyo. Watu wazima niliokuja kuwauliza baadaye juu ya mwaka ule walinieleza mengi, mashamba yaliyoachwa na pamba bado shambani, makaburi yaliyobaki bila mtu wa kuyapalilia. Juu ya mbwa ilinibidi niulize mwenyewe. Nikishauliza, kila mmoja alikuwa na wake, na alimkumbuka kwa jina.

Wimbi lililofuata lilikwenda mbali zaidi. Kuanzia miaka ya 1970 na kuendelea, malisho yakizidi kubanwa na pamba na idadi ya ng'ombe, familia za Bariadi, Maswa na Meatu zilianza kushuka kusini: Rukwa, Usangu na Ihefu, baadaye Kilombero. Wengine waliswaga ng'ombe kwa wiki nyingi, wengine walipakia mabehewa kwenye reli inayopita Malampaka. Hapo ndipo nilipoona desturi ikijijenga. Mbwa kijana dume na jike mmoja walikwenda na ng'ombe. Mbwa mzee alibaki na wazee, maana wazee nao walibaki, kushikilia shamba na makaburi. Utaratibu huo haukuandikwa popote, na mimi nauheshimu, kwa kuwa angalau kila mbwa alikuwa na mtu. Mambo yaliharibika pale familia nzima ilipoondoka, au mzee aliyebaki alipofariki na wanawe wakaja kuzika, wakagawana mbuzi, wakaondoka.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kufa. Walitikisika, wakaanguka, wakajikunja kwa degedege mbele ya watalii. Ulikuwa ugonjwa wa distempa, ambao sisi watu wa mifugo tulikuwa tunauona kwa mbwa wa vijijini: makamasi mazito, kuhara, kisha kutetemeka mpaka mwisho. Simba wapatao elfu moja walikufa, karibu theluthi moja ya wote. Miaka mitatu nyuma, mbwa mwitu walikuwa wametoweka katika tambarare za hifadhi, na magonjwa ya mbwa yalitajwa miongoni mwa sababu. Watafiti wakageuza macho upande wa magharibi, kwetu, ambako watu ni wengi na mbwa ni wengi. Baadaye utafiti mwingine ulionyesha kwamba virusi vya distempa viliweza kuendelea kuzunguka huko porini hata bila kuletwa na mbwa wetu, kwa hiyo lawama yote haiwezi kubebwa na mbwa wa Msukuma. Lakini tangu hapo mbwa wa Bariadi akawa na umuhimu kwa watu wa mbali ambao wasingejali kama alibaki kwenye mahame au la.

Chanjo kubwa za mbwa zilianza upande wa wilaya ya Serengeti mwaka 1996, kisha zikapanuliwa kuzunguka hifadhi, na vijiji vya mpakani vya Bariadi na Meatu vikaingizwa. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Tunaweka meza chini ya mwembe wa shule, boksi la barafu pembeni, tangazo limetolewa jana yake kwa kipaza sauti na kwa wanafunzi. Asubuhi watoto wanaanza kuja, kila mmoja na mbwa amefungwa kamba ya katani au kipande cha mpira wa baiskeli. Mwenye mbwa watatu amewafunga kwa kamba moja na wanavuta pande tatu. Naandika jina la mwenye mbwa, kitongoji, jinsia, umri, jina la mbwa. Mtoto anaona haya kulitaja, maana majina mengine ni ujumbe kwa jirani: Utajua, Wivu, Mtasema Sana. Halafu Simba, Popi, Bosi. Mtoto anamshika mbwa wake kichwa, anamfunika macho kwa kiganja, sindano inaingia nyuma ya shingo, anapewa cheti. Nimewaona watoto wakikikunja kile cheti kwa uangalifu kuliko karatasi ya mtihani.

Pale mezani nilielewa jambo ambalo kitabu cha chuo kilinieleza bila kunigusa. Ili kichaa cha mbwa, ambacho nacho tulikuwa tukikichanjia, kikatike, Shirika la Afya Duniani linasema mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Mbwa wetu hawaishi miaka mingi, na watoto wapya wanazaliwa kila msimu, ndiyo maana zoezi lazima lirudiwe. Na mbwa hachanjwi bila mkono unaoweza kumshika. Mbwa aliyeachwa na waliohama, hata awe mpole kiasi gani kwa waliomlea, hamkaribii mgeni mwenye sindano. Mwaka huu kwenye daftari yupo, mwaka unaofuata mjumbe wa kitongoji ananiambia, "Hao wamehama," nami naandika neno hilo kwenye safu ya maelezo. Mbwa hajahama. Yupo nyuma ya shule, nawaona watoto wakimrushia mabua ya muwa. Akiumwa kichaa, ataanza na hao. Watu karibu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa duniani wameambukizwa na mbwa, na sehemu kubwa ni watoto. Ugonjwa ukishaonyesha dalili hauna tiba. Kidonda kioshwe hapo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15, kisha mbio hospitali kwa sindano. Nimelisema hilo katika kila mkutano wa kijiji nilioalikwa, na nalisema tena hapa.

Kwa hiyo, nilipokuwa nikiandika kibali cha kuhamisha ng'ombe, nilimuuliza kila mwenye kaya: mbwa je? Wengi walicheka. Wachache walikaa kimya, wakafikiri, wakasema, "Mama, huyu atabaki kwa shemeji." Basi namwandika shemeji.

Waliokwenda na mbwa nao walikuta mambo. Mwaka 2006 serikali iliwaondoa wafugaji Ihefu, na wengi walielekezwa Lindi na Pwani. Wakafika Kilwa na Rufiji na ng'ombe wao, wake zao, na mbwa. Wengi wa wenyeji wa kule ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi na wa kuwinda dini inamruhusu, ila si huyu wa kuzurura kisimani na kulamba ndoo za watu. Jamaa yangu mmoja aliyehamia huko alinieleza kwamba ugomvi wake wa kwanza na jirani haukutokana na ng'ombe kuingia shambani. Ulitokana na sufuria. Alijenga zizi mbali, akamfunga mbwa mchana, na jirani yake akaridhika. Naona alifanya vizuri, na naona jirani alikuwa na haki.

Wazungu waliotutawala nao walipata mtihani huu wa kuhama na mbwa. Maofisa wa Uingereza waliotufundisha kupima ng'ombe walifuga mbwa, na uhuru ulipokuja 1961 waliokuwa wakirudi kwao walijua kwamba mbwa atawekwa karantini miezi sita kwa gharama ya mwenyewe. Nchi yao ilikuwa imekitokomeza kichaa cha mbwa mwanzoni mwa karne ya 20 na haikutaka kirudi. Sheria ile ililegezwa kwa nchi kadhaa mwaka 2000, na kwa nchi kama yetu mwaka 2012.

Nayajua haya kwa sababu ya binti wa kaka yangu, muuguzi, aliyepata kazi Uingereza. Alikuja kwangu Bariadi mjini. "Shikamoo shangazi, nina neno la mifugo." Ana mbwa wawili, mama na mwanawe. Tukakaa na karatasi zake. Mbwa anawekewa chipu chini ya ngozi, anachanjwa, anakaa siku 30 zisizopungua, anatolewa damu ipelekwe maabara inayotambuliwa kupima kama kinga imefika kiwango, kisha anasubiri miezi mitatu tangu damu ilipotolewa. Kabla ya kusafiri anapewa dawa ya minyoo ya tegu, na saa za kumpa zimepangwa. Nilifurahi kuona nchi inamhesabu mbwa namna hiyo. Nikamwambia hata hivyo asiwachukue. Atakuwa zamu za usiku, kwenye chumba cha kupanga, na yule mbwa mkubwa hajawahi kulala chini ya paa maisha yake yote. Alilia kidogo, nami sikumkataza.

Hatukuishia hapo, maana kusema "watabaki nyumbani" ndiyo njia ile ile ya 1974. Mkubwa alikwenda kwa kaka wa binti huyo, Itilima, mwenye ng'ombe na watoto wa kumpeleka kwenye chanjo. Mdogo nilimchukua mimi. Kabla hajaondoka, binti yangu huyo alikaa Itilima mpaka mbwa alipoanza kula kwa mkono wa mwenyeji mpya, akaacha vyeti vyote viwili, na kwenye daftari la kijiji tukakata jina lake kama mmiliki, tukaandika la kaka yake.