Urafiki wa wavulana kwenye filamu: mambo manne ninayoyapima katika mswada

Vijana wengi wanaoanza kuandika filamu huchota kwanza kwenye utoto wao: marafiki wa mtaani, michezo, ugomvi na siri. Ni mwanzo mzuri, lakini kumbukumbu tamu peke yake si filamu. Ninapousoma mswada wa aina hii huupima kwa mambo manne, na mizani yangu ni filamu ya Marekani ya mwaka 1986, Stand by Me. Iliongozwa na Rob Reiner. Mswada wake waliuandika Raynold Gideon na Bruce A. Evans kutokana na hadithi ya Stephen King, ukateuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Kwanza, safari. Ni mwaka 1959. Wavulana wanne wa miaka 12 hivi, Gordie, Chris, Teddy na Vern, wanasikia kuwa maiti ya mtoto aliyegongwa na treni iko msituni. Wanawaficha wazazi na kufuata reli kwa miguu, wakitumaini kurudi mashujaa. Mapema tu tunajua waendako na wanachotaka. Mswada usio na lengo kama hilo huwa gumzo la barazani: huchangamsha, halifiki popote.

Pili, kila mtoto awe na mzigo wake. Gordie amefiwa na kaka yake, na wazazi ni kama hawamwoni tena. Chris anatoka kwenye familia yenye sifa mbaya, hivyo mji mzima unamhesabu mwizi. Teddy aliunguzwa sikio na babake, lakini ukimtukana baba huyo atakurukia. Vern ni mwoga na mcheshi. Yafunike majina usome maneno tu; bado utajua nani anasema. Jaribu hivyo na mswada wako.

Tatu, urafiki uonekane kwa vitendo. Usiku porini, Chris anamwambia Gordie kuwa kweli aliiba pesa za maziwa shuleni, lakini alizirudisha kwa mwalimu. Mwalimu akanyamaza, akaonekana na sketi mpya, na Chris akaadhibiwa. Analia, na Gordie anamsikiliza. Baadaye Gordie anamlilia kaka yake, na Chris ndiye anayemshika. Wavulana wetu hukuzwa wakiambiwa mwanamume halii. Ndiyo maana nalithamini tukio linalompa mtoto rafiki wa kulia mbele yake.

Nne, mwisho. Maiti wanaiona, lakini hamu ya sifa inawatoka. Wanatoa taarifa kwa simu bila kujitaja. Baadaye urafiki wa wanne unafifia. Chris anasoma hadi kuwa wakili, kisha anauawa kwa kisu akiamulia ugomvi. Gordie, sasa mwandishi, ndiye anayesimulia. Kukua kunawagharimu kitu. Mswada ambao watoto wanatoka jinsi walivyoingia haujamaliza kazi.

Hata mizani ina kasoro. Wanawake karibu hawapo humu, na Ace, mkubwa wa wahuni, ni mbaya tu bila kuelezwa sababu. Mwandishi wa Pwani anaweza kuwashinda hapo: mama na dada wawe watu kamili, na mkorofi wa mtaa naye apewe kwao.