Sababu za kumzuia mtoto mchanga kunyonya kabla ya upasuaji

MZAZI anayeagizwa asimnyonyeshe mwanawe kabla ya upasuaji, hata akilia, aghalabu huliona agizo hilo kuwa la kikatili. Hata hivyo, chanzo chake ni maumbile ya njia ya hewa ya mtoto mchanga.

Kichwa cha mtoto ni kikubwa, na anapolazwa chali kisogo husukuma kidevu kuelekea kifuani. Ulimi nao hujaza kinywa. Dawa ya nusukaputi inapolegeza misuli, ulimi huweza kuziba koo. Ndiposa wataalamu humwekea kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega.

Fauka ya hayo, bomba lake la hewa lina upana wa takriban milimita 4 pekee. Likivimba milimita 1 kila upande, nafasi ya kupitisha hewa hupungua kwa robo tatu.

Kwa kila kilo ya uzani, mtoto hutumia oksijeni karibu mara mbili ya mtu mzima, ilhali akiba iliyo mapafuni ni ndogo. Pumzi ikikatika, oksijeni hushuka upesi na mapigo ya moyo hupungua. Kwa hivyo, kifaa cha kupima oksijeni hufungwa mguuni au mkononi mwake hadi anapoamka.

Hatari ya maziwa ni kwamba mtu aliyepewa nusukaputi hawezi kukohoa. Maziwa yakipanda kutoka tumboni huweza kuingia mapafuni.

Kanuni iliyozoeleka ni kuacha maziwa ya mama kwa muda wa saa 4, ya kopo saa 6, na maji matupu saa 2. Baadhi ya hospitali zimepunguza muda huo, hivyo mzazi afuate maagizo aliyopewa. Upasuaji ukicheleweshwa, aulize upya, kwani njaa ya muda mrefu pia humdhuru mtoto.

Vilevile, mzazi aeleze iwapo mtoto ana mafua au kikohozi, kwa kuwa koo lenye mafua hujikaza na kujifunga kwa urahisi. Aliyezaliwa kabla ya wakati huweza kuacha kupumua saa kadhaa baada ya upasuaji, na huenda akalazwa usiku kucha ili achunguzwe.

Iwapo mtoto amenyonya kwa bahati mbaya, daktari aambiwe mara moja. Upasuaji ulioahirishwa waweza kufanywa siku nyingine.