Vifo vya watu wazima wa umri wa kufanya kazi Chukotka

Chukotka ni mkoa wa kujitawala wa Urusi kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Asia, ng'ambo ya Alaska. Makao makuu yake ni Anadyr. Eneo lake ni zaidi ya km² 720,000, lakini sensa ya 2021 ilihesabu wakazi takriban 47,000 tu. Matarajio ya kuishi ya wakazi ni miongoni mwa ya chini zaidi nchini, hasa kwa sababu wengi, wanaume zaidi, hufariki kabla ya kustaafu.

Sababu kuu ni magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, ajali, kujiua, na madhara ya pombe. Wenyeji wa asili, wakiwemo Wachukchi na Wayupik, wameathirika zaidi. Mabadiliko ya kiuchumi pia yalichangia: baada ya Umoja wa Kisovyeti kusambaratika mwaka 1991, mashamba ya serikali ya kufuga kulungu aktiki yalidorora, ajira zikapungua, na wahamiaji wengi wakarudi makwao.

Umbali huongeza hatari. Vijiji vingi havina barabara ya kudumu. Mgonjwa mahututi husafirishwa kwa helikopta au ndege, na dhoruba ya theluji huweza kuchelewesha safari hiyo kwa siku kadhaa.

Kwa kuwa wakazi ni wachache, vifo vichache tu hubadilisha sana kiwango cha mwaka mmoja. Kwa hiyo wastani wa miaka kadhaa ndio kipimo cha kuaminika zaidi.