Udongo kwenye Pindo la Kanga

"Unakula udongo?" nesi aliniuliza bila kuinua macho kwenye kadi yangu ya kliniki.

"Hapana," nikajibu.

Kipande cha pemba kilikuwa kwenye pindo la kanga yangu, kirefu kama kidole, kimeumwa nusu. Pemba ni udongo wa mfinyanzi uliokaushwa ukawa mgumu. Masokoni huuzwa kwa mafungu, jirani na tangawizi na ndimu, na muuzaji hahitaji kuuliza unampelekea nani.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano na orodha mbili za vitu vya kuepuka. Ya kliniki ilisema: pombe, nyama isiyoiva vizuri, mayai mabichi, maziwa yasiyochemshwa, udongo. Ya mama mkwe ilikataza mayai yote, hata ya kuchemsha, mtoto asije akazaliwa na upara. Udongo aliuruhusu. "Kila mwenye mimba huula, mwanangu," alisema. Orodha zote mbili zilijua nisile nini. Hakuna iliyouliza kwa nini mate yalinijaa kinywani kila mvua ya kwanza ilipolowesha vumbi.

Basi nikaanza kusoma, na nikakuta kwamba uchu wangu ni mkongwe. Soranus wa Efeso, daktari wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, aliandika juu ya wajawazito wanaotamani udongo, mkaa na matunda mabichi. Jina la kitabibu la uchu huo, pica, ni la Kilatini, nalo ni jina la ndege wa jamii ya kunguru anayesifika kwa kudonoa chochote. Hata kwenye jina, mwanamke amefananishwa na ndege asiyechagua.

Mahali pengine hawakuishia kwenye jina. Jean-Baptiste Debret, mchoraji Mfaransa aliyeishi Brazil kuanzia 1816 hadi 1831, alimchora mtumwa aliyefungwa kinyago cha bati usoni ili asiweze kula udongo. Katika mashamba ya miwa ya Karibi, mabwana wengi waliamini kuwa watumwa wanakula udongo kwa makusudi ili wafe. Kwa hesabu zao, mtumwa aliyejiua alikuwa amewaibia mali. Dawa yao ikawa kufunga mdomo.

Nilipofika kwenye kumbukumbu za kwetu, nilikutana na neno nililolijua tangu shule ya msingi: safura. Mimi nililikariri kama jina la minyoo. Mwaka 1870, David Livingstone, akiwa amekwama Bambarre huko Manyema, Kongo ya leo, kwa sababu ya vidonda vya miguu, aliliandika kwenye shajara yake kama jina la Zanzibar la ugonjwa wa kula udongo. Mgonjwa huvimba miguu, hukonda, hupungukiwa damu, hushindwa kutembea kwa kukosa pumzi. Livingstone aliyakataa maelezo ya wale mabwana: watumwa hawali udongo ili wajiue, alisema, na hata matajiri wenye chakula tele hupatwa na uchu huo. Akaongeza kuwa wanawake wa Manyema nao huula wakiwa na mimba.

Kilichonishangaza zaidi ni dawa. Livingstone aliipata kwa Mohamad, mfanyabiashara aliyekuwa naye huko, ambaye baba yake alikuwa hodari wa kutibu safura. Unachukua siki kuukuu ya mnazi, unatumbukiza ndani yake mavi ya chuma yaliyopashwa moto hadi yakawa mekundu, unatia mvuje, kisha koparasi. Mgonjwa anakunywa glasi ndogo asubuhi na jioni, tumbo likiwa tupu, kwa siku saba.

Niliisoma orodha hiyo mara mbili. Mavi ya chuma ndani ya siki ni chuma kinachoyeyuka. Koparasi ni salfeti ya chuma. Vidonge vyekundu nilivyopewa kliniki, vile vilivyokuwa vinalala kwenye droo kwa sababu vilinitia kichefuchefu, vina salfeti ya chuma pia. Kabla hajafika mtu na darubini, mganga wa pwani alikuwa anamtibu mla udongo kwa kumnywesha madini chuma.

Lakini mganga huyo naye alikuwa na orodha ya miiko. Baada ya dawa, mgonjwa asile samaki, siagi, mayai wala nyama ya ng'ombe kwa miaka miwili, akikiuka atakufa. Kwa mkono mmoja alirudisha damu, kwa mkono mwingine alifunga mlango wa vyakula vinavyoijenga. Nikamkumbuka mama mkwe na mayai yake.

Neno safura lilihama polepole. Mwaka 1838, daktari Angelo Dubini aliona minyoo hiyo ndani ya maiti ya mwanamke mkulima huko Milan. Miongo kadhaa baadaye, Arthur Looss, akifanya utafiti Misri, alimwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi vya minyoo, ngozi ikamwasha, na baada ya wiki kadhaa akayakuta mayai yao kwenye choo chake mwenyewe. Ikajulikana kuwa minyoo hiyo hupita kwenye ngozi, mara nyingi ya miguu isiyo na viatu, kisha hunyonya damu utumboni. Jina la uchu likawa jina la mnyoo, na uchu wenyewe ukabaki bila maelezo.

Katika miaka ya 1990, watafiti waliwahoji wajawazito 275 huko Kilifi, pwani ya Kenya. Zaidi ya nusu walikuwa wanakula udongo mara kwa mara, na walaji walikuwa na akiba ndogo zaidi ya madini chuma mwilini. Je, udongo ndio uliowamaliza damu, au upungufu wa damu ndio uliowapeleka kwenye udongo? Mfinyanzi unaweza kushika madini chuma tumboni yasiingie mwilini, kwa hiyo la kwanza linawezekana. Na la pili linawezekana, kwa kuwa uchu na upungufu wa damu vimeonekana pamoja tangu enzi za mganga wa siki. Lisilo na ubishi ni kwamba baadhi ya udongo unaouzwa umekutwa na madini ya risasi, ambayo hupita kwenye kondo la nyuma na kudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hilo nesi alikuwa sahihi, na mama mkwe alikosea.

Ila nesi aliuliza swali lake kama mtu anayemkamata mwizi, nami nikajibu kama mwizi. Jibu langu la uongo lilimnyima dalili ambayo mganga wa pwani aliitambua mapema: mtu anayekula udongo, mpime damu.

Kliniki iliyofuata nilifungua pindo, nikaweka kipande mezani. "Ninakula," nikasema. "Kila siku."

Nesi alikitazama, akanitazama mimi, akaivuta chini kope ya jicho langu kwa kidole gumba. "Tangu lini?" aliuliza, sauti ikiwa nyingine kabisa. Akanichoma kidole, akaniandikia vipimo vya minyoo, akanielekeza nimeze vidonge usiku na maji ya ndimu, nisivimeze na chai. Damu yangu ilikuwa 8.4. Inayotakiwa kwa mjamzito ni 11.

Jioni hiyo nilichemsha mayai mawili. Mama mkwe aliniangalia nikimenya la kwanza, akatikisa kichwa, kisha akasogeza kikopo cha chumvi karibu yangu.