Mafundo Yaliyotoa Ushahidi

Dola ya Wainka, ambayo Waspania waliivamia mwaka 1532 katika milima ya Peru, haikuwa na kalamu wala karatasi, ilhali idadi ya raia wake, shehena za ghala zake na zamu za watu wake kazini zilijulikana kwa yakini, kwa kuwa yote hayo yalifungwa katika kipu: kamba moja nene iliyoning'inizwa nyuzi nyingi za pamba au sufu, za rangi mbalimbali, na kila uzi una mafundo yake.

Hesabu ilikwenda kwa makumi. Mamoja yalifungwa chini kabisa ya uzi, makumi juu yake, kisha mamia, na maelfu karibu na kamba kuu. Na pahali pasipo kitu paliachwa wazi, ndiyo sifuri. Ili msomaji asibabaike, mamoja, kuanzia mbili hadi tisa, yalifungwa kwa fundo refu lenye mizunguko sawa na idadi yenyewe. Siri hiyo aliifumbua Leland Locke, Mmarekani, mwaka 1912. Ama siri ya rangi, na ya habari ambazo matarishi walizibeba mbio njiani, haijafumbuliwa yote hata leo.

Hernando Pizarro, mmoja wa wavamizi hao wa Kispania, alipopewa masurufu ya askari wake ghalani, aliwaona walinzi wakifungua mafundo upande mmoja wa kipu na kuyafunga upande mwingine, kwani kilichotoka hakina budi kuandikwa kuwa kimetoka. Wenyeji wa bonde la Xauxa, milimani humo, ndio wanaonistaajabisha zaidi. Hao walizidi kufunga hesabu ya lama, mahindi na nguo walizowapa wageni, na kando yake hesabu ya walivyoporwa, hata mwaka 1561 wakuu wao wakasimama mbele ya mahakama kuu ya Lima, yakasomwa mafundo, na karani wa Kispania akayaandika. Mtu aliyenyang'anywa mali na jeshi, naye akakaa kitako kuihesabu kwa miaka karibu 30, huyo hakuikatia haki tamaa hata siku moja.

Baraza la maaskofu lililokutana Lima liliamuru, mwaka 1583, kipu za ibada za kale ziondolewe mikononi mwa wenyeji, lakini mazoea hayakufa. Padri José de Acosta, katika kitabu chake cha mwaka 1590, asimulia kwamba aliona konzi ya nyuzi aliyokuja nayo mwanamke mmoja kuungama, na dhambi za maisha yake yote zimefungwa humo.